Mbwa anabweka akiachwa uani peke yake: anasema nini, na ufanye nini

SWALI: Nina mbwa jike wa miaka mitatu. Ndani ya nyumba ni mtulivu kabisa. Lakini nikimwacha uani peke yake, asubuhi ninapokwenda kazini au hata jioni nikiwa jikoni, anabweka hadi sauti inamkauka. Nimemkaripia kupitia dirishani, nimemmwagia maji, nimejaribu kumpuuza. Wapi! Majirani wameanza kulalamika, na mtu mmoja amenishauri ninunue ule mkanda wa shingoni unaopiga umeme. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza swali moja lakini ndani yake mna mawili. Mbwa anayebweka nawe uko jikoni, akinusa unachopika na akijua uko hatua kumi tu kutoka alipo, huenda habweki kwa sababu ileile inayomfanya abweke nyumba ikiwa tupu. Jioni huenda anakuita. Asubuhi huenda ana hofu, huenda analinda geti, huenda hana la kufanya. Kila sababu ina tiba yake, na tiba ya moja inaweza kuwa sumu kwa nyingine: ukimpuuza mbwa anayekuita, atajifunza kwamba kelele hazilipi, ukimpuuza mbwa aliyeshikwa na hofu, unamwacha azame zaidi. Nadhani ndiyo maana umejaribu mambo matatu na yote yamegonga mwamba.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitu chochote, mrekodi.

Chukua simu ya zamani, iweke dirishani mahali inapoona geti na mlango wa nyumba, iwashe irekodi picha na sauti, kisha ondoka kama unavyoondoka siku zote: vaa viatu vyako vya kazini, chukua funguo, nenda kabisa. Rudi baada ya saa moja. Fanya hivyo siku tatu, moja iwe ya mwisho wa wiki kwa sababu barabara siku hiyo ina watu wengine na kelele nyingine. Dakika 30 za kwanza ndizo zenye habari nyingi zaidi. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa huanza mapema, mara nyingi hata hujafika mwisho wa barabara yenu.

Siku ya nne fanya jaribio ambalo watu wengi hulisahau: mwache ndani ya nyumba peke yake kwa muda mfupi, umrekodi vilevile. Umesema ndani ni mtulivu, lakini sijui kama ulimaanisha akiwa nawe au hata akiwa peke yake. Tofauti hiyo ni kubwa. Kama ndani, peke yake, analala, basi hana shida ya kuachwa. Ana shida ya kuwa nje. Katika hali hiyo jibu la asubuhi ni fupi mno: mwache ndani, na uani awe anatoka pamoja nawe. Wengi hawalipendi jibu hili kwa sababu wamezoea kwamba mahali pa mbwa ni nje. Lakini mbwa hana haja ya kukaa nje. Ana haja ya kujisaidia, kutembea, kunusa, na kuwa na watu wake.

Unachotafuta kwenye rekodi

Andika mambo manne: alianza dakika ya ngapi, mwili wake ulielekea wapi, mlio ulikuwaje, na nini kilimnyamazisha.

Usidharau sikio lako mwenyewe. Watafiti wa Hungary waliwahi kurekodi mbwa katika hali mbalimbali, kwa mfano mgeni anapokaribia nyumba, au mbwa amefungwa mtini na mwenyewe ameondoka asionekane, kisha wakawapa watu rekodi hizo wasikilize bila kuona picha. Hata wasiowahi kufuga mbwa waliweza kutambua hali ilivyokuwa, mara nyingi kuliko mtu anayebahatisha. Mlio mzito wa haraka-haraka waliusikia kama hasira. Mlio wa juu, wenye nafasi kati ya mmoja na mwingine, waliusikia kama hofu au kukata tamaa. Kwa hiyo funga macho, sikiliza rekodi yako, na ujiulize kilio hiki kinafanana na nini.

Mbwa anayelinda hutoa mlio mzito, mfululizo, akiwa ameelekea geti au uzio, mkia juu, masikio mbele, wakati mwingine nywele za mgongoni zimesimama. Anaanza kitu kinapopita na kuacha kikishapita. Usiseme "hakukuwa na kitu" kwa sababu tu wewe husikii kitu kwenye rekodi. Sikio la binadamu kijana hufika mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. La mbwa hufika takriban 45,000. Kuna mengi yanayompita jirani yako na wewe ila yeye hayampiti.

Mbwa aliyechoshwa na kutokuwa na la kufanya hubweka kama mtu anayepigilia misumari: mlio wa aina moja, bila haraka, dakika baada ya dakika. Mara nyingi hulala kwanza, kisha huamka, hutafuna ndoo, huchimba, halafu huanza. Huyu hanyamazishwi na kuondoka kwa mpita njia. Ananyamazishwa na jambo lolote jipya.

Mwenye hofu ya kuachwa utamtambua kwa mwili zaidi kuliko kwa mlio. Anaranda njia moja huku na huko. Anahema ilhali hakuna joto. Anatokwa udenda, anakwaruza mlango uleule uliotokea, anabweka kwa sauti ya juu inayovutika hadi kuwa kilio kirefu. Na hagusi chakula. Mtihani wa chakula ndio ninaouamini kuliko yote: kabla ya kuondoka weka chini kipande cha kitu anachokipenda sana. Aliyechoshwa atakila. Anayelinda atakila akipata nafasi. Mwenye hofu kwa kawaida atakiacha pale pale saa nzima, kisha atakila dakika moja baada ya wewe kurudi.

Wa mwisho ni anayedai. Anautazama mlango au dirisha la jikoni, anabweka mara mbili tatu, ananyamaza na kusikiliza, anabweka tena. Ule muda wa kusikiliza ndio alama yake. Mwenye hofu hana nafasi ya kusikiliza.

Mara nyingi utakuta mbili zimechanganyika, kwa mfano analinda hadi saa nne asubuhi barabara ikiwa na watu, kisha anachoka na kupigilia misumari hadi jioni. Shughulikia kwanza ile inayochukua dakika nyingi.

Mwili kwanza

Kama tabia hii imeanza ghafla, ndani ya siku au wiki chache, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya mafunzo yoyote. Sikio lenye uvimbe, maumivu ya nyonga, au njia ya mkojo iliyoambukizwa inayomfanya atake kutoka na kuingia kila mara, vyote hivi hugeuka kelele. Kwa mbwa wazee, kuanzia miaka 8 hivi na kuendelea, kuna pia kuchanganyikiwa kwa uzee, na dalili yake mojawapo ni kubweka usiku bila mwelekeo. Wako bado ni kijana, kwa hiyo sidhani.

Lakini wako ni jike, na hukusema kama amefungwa kizazi. Jike ambaye hajafungwa kizazi huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, takriban kila miezi 6, na hali hiyo huchukua wiki 3 hivi. Muda huo madume ya mtaani huweka kambi nje ya uzio, naye anawajibu. Kama kelele zinakuja kwa misimu na kuondoka, tazama kalenda kabla ya kumlaumu.

Maji, kivuli kinachomfuata kadiri jua linavyozunguka (si kile kilichopo saa mbili asubuhi tu), na banda analoweza kusimama, kugeuka na kujinyoosha ndani yake: haya sitayarefusha. Na kama anafungwa kwa mnyororo, ufungue leo. Mbwa aliyefungwa hawezi kukifikia anachokitaka wala kukikimbia anachokiogopa. Kinachobaki ni mdomo.

Jioni, ukiwa jikoni

Hapa niseme wazi: kama wewe uko nyumbani, na yeye ndani ni mtulivu, mbona yuko nje? Mlete ndani, mpe mkeka wake pembeni pa jikoni, na nusu ya tatizo lako imekwisha leo jioni.

Kama kuna sababu ya msingi inayomzuia kuingia, basi kanuni ni moja: mlango hufunguliwa na kimya. Ukifika dirishani ukamkaripia, umempa alichokuwa anakitafuta, yaani uso wako na sauti yako. Kumwagia maji ni vilevile kwa mbwa anayependa mchezo. Kwa mwoga ni sababu mpya ya kuogopa. Na ulipojaribu kumpuuza, nina shaka kwamba ulivumilia dakika 20 kisha ukatoka. Hiyo ni mbaya kuliko kutoka mara moja, kwa sababu umemfundisha kwamba bei ya mlango ni dakika 20 za kubweka, naye yuko tayari kuilipa.

Anza badala yake kwa kumwahi. Mtoe uani, funga mlango, na kabla hajabweka, hata kama ni sekunde 3 tu, fungua, mpe kipande kidogo cha nyama, funga tena. Sekunde 5. Kisha 10. Rudi kwenye 4. Kisha 20. Zoezi lote dakika 5, mara mbili kwa siku. Akibweka, usifungue, usiseme neno, usimtazame. Ngoja anyamaze, hesabu hadi tano, ndipo ufungue, na zamu inayofuata iwe fupi zaidi. Jitayarishe kwa jambo moja: siku chache za mwanzo za kutompa alichozoea kupata, kelele huongezeka. Anajaribu zaidi kile kilichokuwa kikifanya kazi. Watu wengi huachia hapo, siku ya tatu au ya nne, na kwa kuachia hapo wanamfundisha kubweka kwa nguvu mpya. Waambie majirani mapema kwamba wiki hii itakuwa mbaya kuliko iliyopita.

Anayelinda geti

Fikiria hesabu yake. Mtu anakuja, yeye anabweka, mtu anaondoka. Mtu huyo alikuwa anapita zake tu, lakini mbwa hajui hilo. Machoni pake amemfukuza. Anashinda mara hamsini kwa siku wewe ukiwa kazini. Hakuna mafunzo ya jioni ya dakika tano yatakayoshinda ushindi huo, ndiyo maana jambo la kwanza ni kumwondolea geti, siyo kumfundisha.

Ziba sehemu ya chini ya geti na ya uzio unaotazama barabara kwa mabati, mbao au kitambaa kizito kisichopitisha mwanga, kimo cha mita 1.5 au zaidi kama ni mrukaji. Ziba pia mwanya ulio chini ya geti. Mbwa wengi hulala kifudifudi wakitazama viatu vya wapita njia, na mwanya wa sentimita kumi unatosha kuharibu kazi yote. Bora zaidi, mgawie sehemu ya nyuma ya nyumba kwa uzio wa ndani ili asifike barabarani kabisa. Redio ya sauti ya wastani upande wa barabara husaidia kufunika nyayo na sauti za mbali, ingawa haifuniki kila kitu.

Ukishafanya hivyo, mafunzo yana maana. Mfunge kamba ya mita 3 hadi 5, kaa naye uani mbali na geti, na uwe na vipande laini vya nyama visivyozidi ukubwa wa punje ya haragwe. Mtu anapopita, ngoja amwone au amsikie, na kabla hajafungua mdomo anza kumpa, kimoja baada ya kingine, hadi mtu aishe kupita. Mtu akitoweka, nyama inatoweka. Mpangilio huu haugeuzwi: mtu kwanza, nyama baadaye. Ukianza kutoa nyama kabla ya mtu kutokea, mfuko wa nyama unakuwa ndio onyo kwamba adui anakuja, na utakuwa na mbwa anayekodolea geti macho kila ukiingiza mkono mfukoni. Kama anabweka kabla hujampa, uko karibu mno. Rudi nyuma mita tano. Dakika 5 zinatosha, mara moja au mbili kwa siku. Kazi imeingia siku utakapomwona anasikia nyayo na kugeuka kukutazama wewe badala ya kukimbilia geti.

Kwa mibweko inayobaki, maana mbwa hawezi kuwa bubu, mfundishe neno moja la kumwita, lolote ulipendalo. Akibweka mara mbili au tatu, liseme mara moja kwa sauti ya furaha, aje, apewe. Mfundishe neno hilo kwanza ndani ya nyumba pasipo kelele, mara 10 kwa siku kwa siku kadhaa, ndipo ulipeleke uani. Usilipigie kelele. Ukipayuka na yeye anapayuka, mbwa haoni katazo. Anaona umejiunga naye.

Aliyechoshwa

Uwanja mkubwa si mazoezi. Mbwa akishaujua uwanja wake hana sababu ya kuuzunguka, kama wewe usivyozunguka sebule yako. Anachohitaji ni kutoka: matembezi ya dakika 30 hadi 40 asubuhi, kwa kamba ndefu kidogo, akiachwa anuse anachotaka kwa muda anaotaka. Kunusa humchosha mbwa kwa namna ambayo kukimbia peke yake hakumchoshi. Maliza angalau dakika 20 kabla ya kuondoka ili mwili utulie; ukimtupa uani akiwa bado anahema kwa msisimko utakuwa umempa nguvu za kubwekea.

Kisha usimwekee chakula kwenye bakuli. Mtawanyie nusu ya chakula chake cha asubuhi majanini aitafute kwa pua, na nusu nyingine ishindiliwe kwenye mpira wa kutafuna wenye tundu na kugandishwa usiku kucha. Kikigandishwa huchukua muda mrefu zaidi. Kuwa na vitu vinne au vitano vya kuchezea, lakini utoe viwili tu kwa siku, ubadilishe. Usimpe mifupa iliyopikwa, hupasuka vipande vyenye ncha. Chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwake. Siagi ya karanga inafaa kushindilia, ila soma kibandiko kwanza: baadhi hutiwa zailitoli (xylitol), sukari bandia inayoweza kumuua mbwa hata kwa kiasi kidogo.

Anayeogopa kuachwa

Kama chakula kilibaki chini na mlango umekwaruzwa, sehemu hii ndiyo yako, na ni ndefu kwa sababu kazi yenyewe ni ndefu.

Sharti la kwanza ndilo gumu kuliko yote: katika kipindi chote cha mafunzo asiachwe peke yake zaidi ya muda anaouweza. Ndugu, jirani anayefanya kazi nyumbani, kwenda naye unapoweza, zamu za watu wawili watatu, panga uwezavyo. Sisemi hivyo kwa ajili ya upole tu. Mafunzo haya humjengea mbwa imani kidogo kidogo kwamba ukiondoka hakuna baya, na saa tatu za hofu siku ya Jumanne hubomoa kilichojengwa wiki nzima.

Anza na dalili za kuondoka. Mbwa wako anajua maana ya funguo, viatu, mkoba. Kwa siku kadhaa chukua funguo ukae nazo sebuleni. Vaa viatu, upike. Shika kitasa cha mlango, urudi kuketi. Fanya hivyo mara 10 hadi 15 kwa siku, ukitawanya, mpaka asiinue kichwa.

Kisha mlango. Toka, funga, rudi baada ya sekunde 1. Rudi kabla hajalia, kabla hata hajasimama kama unaweza. Usipande kama ngazi: sekunde 2, 5, 3, 8, 4, 12, 6, 15 ni bora kuliko 5, 10, 15, 20, kwa sababu mbwa anayekuta kila zamu ni ngumu kuliko iliyopita hujifunza kuingojea inayofuata kwa wasiwasi. Zamu 8 hadi 10 kwa kikao, kikao kimoja kwa siku, na siku moja au mbili za kupumzika kwa wiki. Ukifika dakika 5, punguza hadi zamu 3 au 4. Kati ya sekunde 30 na dakika 30 utasota. Ukishavuka dakika 30 au 40 akiwa amelala, hatua zinaweza kuwa kubwa zaidi, dakika 10 kisha 15 kwa mpigo.

Mtazame kwenye simu ukiwa nje, kwa kamera au kwa simu mbili zilizounganishwa kwa picha. Usisubiri mbweko. Kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi, masikio kulazwa nyuma, kuacha kulala na kuanza kuranda: hizo ndizo alama kwamba umefika ukingoni. Ukiziona, rudi, na kesho anza na nusu ya muda huo. Mafunzo yanayofuata ratiba ya daftari badala ya mwili wa mbwa ndiyo yanayoshindwa zaidi.

Fanya mafunzo haya pale anapokuwa mtulivu zaidi. Kwa wako, nadhani ni ndani. Uani utafuata baadaye, ukianza upya kutoka sekunde 1, ingawa safari ya pili mara nyingi huenda haraka.

Watu watakuambia usimsalimie unaporudi, usimuage unapoondoka, umpuuze dakika kumi. Salimia tu, kwa utulivu. Hofu si ujanja wa kutafuta zawadi. Kumfariji mbwa mwenye hofu hakumfundishi kuogopa. Na ule mpira wenye chakula kilichogandishwa niliousifu juu hautibu hofu. Hutoa dakika kumi za shughuli, kisha hofu inaanza pale chakula kinapoisha, na mbwa wengine huanza kuuogopa mpira wenyewe kwa kuwa huja pamoja na kuachwa. Kuleta mbwa wa pili nako hakusaidii mara nyingi, maana anamlilia mtu wake. Unaweza kuishia na wawili wanaobweka.

Kwa hofu kali kuna dawa, nazo si aibu. Fluoksetini na klomipramini hutolewa na daktari wa mifugo kwa hali hii hasa. Huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha nguvu yake kamili, haziachwi ghafla, na hufanya kazi zikienda pamoja na mafunzo. Usimpe vidonge vya usingizi vya binadamu. Na daktari akitaja asepromazini peke yake kwa ajili ya hofu, muulize tena: inalegeza mwili bila kuondoa hofu, hivyo unapata mbwa asiyeweza kusogea lakini bado anaogopa.

Kuhusu ule mkanda wa umeme

Usiununue. Mbwa haunganishi maumivu na koo lake. Huyaunganisha na kile anachokitazama wakati huo. Anayelinda geti akipigwa umeme kila mtoto anapopita atajifunza kwamba watoto huleta maumivu, na siku geti likibaki wazi utajua alichojifunza. Mwenye hofu ya kuachwa anapata hofu na maumivu pamoja, na hana mtu wa kumkimbilia. Baadhi ya mikanda huwashwa pia na mbweko wa mbwa wa jirani, kwa hiyo anaadhibiwa akiwa amenyamaza. Ukiachwa shingoni saa nyingi, vyuma vyake hutoboa ngozi na kuleta vidonda. Mikanda inayopuliza harufu kali ni ndugu yake mdogo, na vile vidude vya sauti kali isiyosikika na binadamu huadhibu kila mbwa aliye karibu, mwenye kosa na asiye na kosa.

Upasuaji wa kukata nyuzi za sauti nautaja kwa sababu mtu atakushauri baada ya mkanda kushindwa. Hofu, uchovu na ulinzi hubaki vilevile. Kinachobadilika ni kwamba anabweka kwa sauti ya kukwaruza. Mkataba wa Ulaya wa 1987 wa kulinda wanyama wa nyumbani unaupiga marufuku usipokuwa kwa sababu ya tiba.

Majirani na kipimo

Nenda kwa majirani kabla hawajaja tena kwako, uwaambie unafanya nini na kwa muda gani, na uwaombe jambo moja: wakisikia kelele, waandike saa. Orodha hiyo itakusaidia kuliko unavyodhani. Ukifika nyumbani ukakuta kimya haina maana ya siku ya kimya. Mbwa wengi hunyamaza wanaposikia mlio wa gari lako au nyayo zako.

Rekodi saa moja ileile kila wiki na uhesabu dakika alizobweka. Usipime kwa kukumbuka, kumbukumbu hukariri siku mbaya tu. Kama kuziba geti, matembezi na chakula cha kutafuta havijapunguza dakika hizo baada ya wiki 2, huenda ulisoma aina ya mlio vibaya. Rudia mtihani wa chakula na ule wa kumwacha ndani. Kwa hofu ya kuachwa usitarajie wiki 2, hesabu miezi. Na kama kwenye rekodi, au ukirudi, utaona damu kwenye kucha, jino lililovunjika kwa kung'ata vyuma, au ameruka uzio, acha mafunzo ya nyumbani kwa sasa, usimwache peke yake tena hata kwa nusu saa, na mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na rekodi hizo.